Kristen Nygaard, mzee wa Norway aliyefundisha kompyuta kugawana kazi

Leo naomba niweke kando siasa na bei za vitu, niwaletee historia ya marehemu mmoja ambaye duniani ana jina kubwa lakini huku kwetu wengi hatumjui. Ukifungua simu yako kutuma pesa, au ukiingia zahanati na nesi akaandika taarifa zako, ndani ya mitambo hiyo kuna mawazo ya huyu mzee. Anaitwa Kristen Nygaard, raia wa Norway, na alifariki mwaka 2002.

Najua mtu wa kwanza kwenye maoni atauliza, sasa Mnorway anatuhusu nini sisi watu wa Dindira? Subirini kidogo. Anatuhusu sana tu. Na mimi mwenyewe nilimfahamu baada ya kuaibika mbele za watu, kwa hiyo acha nianzie hapo.

VICOBA NA PROGRAMU YANGU

Kwa wasiopajua, Dindira ni kata ya wilaya ya Korogwe, huko juu milima ya Usambara, kwenye ukungu na chai. Mimi ni kijana wa kidato cha nne tu, kompyuta nimejifunza mwenyewe kwa laptop ya mtumba na bando la kuungaunga. Kikundi kimoja cha VICOBA cha akina mama kikaniomba nikitengenezee programu ya kutunza hesabu zao: hisa, mikopo, marejesho, faini na mfuko wa jamii. Nikakubali kwa mbwembwe zote.

Nikaandika programu moja ndefu kama treni ya mizigo. Kila kitu humo humo. Hisa zinahesabiwa hapo, riba hapo, faini hapo, hata kuandika ripoti ni hapo hapo. Ikafanya kazi miezi miwili. Halafu kikundi kikabadilisha faini ya kuchelewa. Nikaenda nikagusa mstari mmoja, kumbe mistari mingine mitatu ilikuwa inautegemea. Siku ya kikao shangazi yangu, ambaye alishamaliza mkopo wake mwezi uliopita, akasomwa mbele za watu kwamba bado anadaiwa. Mtu mzima, muuza mboga, anajulikana kijiji kizima kwa uaminifu. Akainamisha kichwa. Bahati nzuri katibu alikuwa bado anaandika kwenye daftari. Daftari ndo lililomwokoa shangazi, na laptop yangu ikarudi kwenye begi.

Usiku ule sikulala, natafuta kosa. Hesabu zilikuwa sahihi kabisa. Kosa lilikuwa kwenye mgawanyo wa majukumu: nilikuwa nimempa mtu mmoja kazi za kikundi kizima. Nikaanza kusoma nani aligundua namna ya kugawa kazi ndani ya programu, na ndipo nikakutana na huyu mzee.

ALIKOTOKEA

Nygaard alizaliwa Oslo tarehe 27 Agosti 1926. Alisomea hisabati. Mwaka 1948 akaingia taasisi ya utafiti ya jeshi la Norway, pale Kjeller karibu na Oslo. Nchi ilikuwa imetoka vitani juzi tu, na walikuwa wanajenga kinu chao cha kwanza cha nyuklia. Hesabu za kinu zilikuwa nzito na kompyuta hawana. Basi Nygaard na wenzake wakazifanya kwa mkono, kwa njia iitwayo Monte Carlo, yaani unatumia namba za bahati nasibu mara nyingi nyingi mpaka jibu linaanza kujionyesha. Shahada yake ya juu ya hisabati aliipata mwaka 1956, na mada yake ilikuwa hiyo hiyo Monte Carlo.

Baadaye akahamia kwenye fani ya kutumia hesabu kupanga kazi: askari wapangwe vipi, mizigo ipite wapi, foleni ikae muda gani. Hapo ndipo akakutana na tatizo lililombadilishia maisha. Kiwanda au bandari ni vitu vingi vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja. Lori linasubiri, winchi inanyanyua, karani anaandika, meli inaingia. Utaielezeaje hali hiyo kwa karatasi ili mwenzako aelewe, na kompyuta nayo ielewe? Lugha za kompyuta za wakati ule zilikuwa kama maelekezo ya kupika ugali: fanya hiki, kisha hiki, kisha hiki. Zilikuwa hazina namna nzuri ya kusema kwamba huyu ni lori ana mambo yake, na huyu ni karani ana mambo yake.

SIMULA INAZALIWA

Mwaka 1960 akaondoka jeshini akaenda Kituo cha Kompyuta cha Norway mjini Oslo. Kuanzia 1961 akaanza kuchora wazo la lugha mpya. Ila alijijua, kutengeneza lugha ya kompyuta peke yake hawezi. Akamvuta Ole-Johan Dahl, kijana aliyezaliwa 1931, waliyefahamiana Kjeller, fundi wa programu kwelikweli. Nygaard mwongeaji, mtu wa watu na mabishano. Dahl mkimya, mtu wa kufikiri. Wawili hawa wakawa kama sufuria na mfuniko.

Pesa haikuwepo ya kutosha na kompyuta kubwa ilikuwa ghali. Nygaard akaenda Marekani mwaka 1962 kuonana na kampuni ya Univac, akarudi na mpango mzuri: kituo kipate mashine ya UNIVAC 1107 kwa bei ya kupunguzwa, na wao waipe kampuni lugha yao mpya. Lugha ikaitwa Simula, na mwanzoni mwa 1965 ilikuwa inafanya kazi.

Hawakuishia hapo. Wakawa wanabishana ubaoni siku nzima. Kuna kisa maarufu cha mwaka 1967. Mfanyakazi mgeni alishuka mbio kwa dada wa simu, ametahayari, akamwambia ghorofani kuna wanaume wawili wanapigana mbele ya ubao. Dada akatoka, akasikiliza kidogo, akamtuliza. Ni Dahl na Nygaard hao, wanaongelea Simula.

Ugomvi ule ulizaa matunda. Moja ya mifano waliyokuwa wakihangaika nayo ni daraja lenye kibanda cha ushuru na foleni ya magari. Basi ni gari, lori ni gari. Yote yanasubiri foleni, yote yanalipa, lakini basi lina abiria na lori lina mzigo. Kwa nini uandike habari za foleni mara mbili? Wakapata wazo: andika kwanza mambo ya gari kwa ujumla, kisha basi na lori warithi hayo, kila mmoja aongeze ya kwake. Mwezi Mei 1967 wakaliwasilisha wazo hilo kwenye mkutano wa kimataifa pale Lysebu, Oslo. Ndiyo Simula 67 hiyo.

SASA HICHO KITU NI KITU GANI?

Naomba niwaeleze kwa lugha ya VICOBA. Zamani programu ilikuwa na taarifa upande mmoja, na maagizo upande mwingine. Yeyote anaweza kuchukua taarifa yoyote akaichezea. Dahl na Nygaard wakafunga pamoja taarifa na kazi zake, wakapata kitu kimoja. Mwanachama ni kitu: anajua jina lake na hisa zake, na anaweza kununua hisa. Mkopo ni kitu: unajua ulianza na shilingi ngapi, umerejeshwa ngapi, na unaweza kujibu umebaki ngapi. Kielelezo cha jumla cha mwanachama kinaitwa klasi. Shangazi yangu na jirani yake ni vitu viwili vilivyotoka kwenye klasi moja, kila mmoja na hisa zake.

Lugha zilizokuja baadaye zikaongeza na kufuli, ili kitu cha nje kisiingize mkono ndani ya kingine. Hili akina mama wa VICOBA wanalijua kuliko mainjinia. Sanduku lao lina kufuli tatu na watunza funguo watatu, kila mmoja na funguo yake. Mwenyekiti hana funguo. Wahesabu pesa wanahesabu lakini hawaandiki. Katibu anaandika lakini hashiki pesa. Hakuna aliyewafundisha Simula, ila waliona mapema kwamba mtu mmoja akibeba kila kitu, siku akikosea au akishikwa na tamaa, kikundi kimekwisha.

Mwaka 1989 wataalamu wawili wa Marekani, Kent Beck na Ward Cunningham, walileta njia rahisi sana ya kufundishia jambo hili. Unachukua kadi ndogo za karatasi. Kila kadi ni kitu kimoja. Juu unaandika jina, kushoto majukumu yake, kulia wenzake anaoshirikiana nao. Kadi ikijaa mpaka unakosa nafasi ya kuandika, ujue umemtwisha mtu mmoja mzigo wa punda watatu. Mwaka huo huo mama mmoja anaitwa Rebecca Wirfs-Brock na mwenzake wakatoa makala iliyosema usanifu mzima wa programu uanzie kwenye majukumu.

Mimi nilikata kadi kutoka kwenye boksi la sabuni. Kadi yangu ya kwanza, ile ya treni ya mizigo, ilijaa pande zote mbili. Nikaanza kugawa upya kwa swali moja: taarifa ya jambo hili anayo nani? Anayejua marejesho ni mkopo, basi mkopo wenyewe ndo useme kama umeisha. Anayejua kanuni za faini ni katiba ya kikundi, basi faini ibadilike pale na si pengine popote. Ripoti kazi yake kuuliza na kuandika, isijifanye kuhesabu. Nikarudi kikaoni, nikaomba radhi kwa shangazi mbele ya wale wale, tukaendesha programu sambamba na daftari. Faini ikabadilishwa tena kwa majaribio. Mkopo wa shangazi haukutikisika.

WAFANYAKAZI WALIPOMSTUA

Wengi wakielezea maisha ya Nygaard huishia kwenye Simula. Mimi naona kipande kinachofuata ndo kinamtofautisha na mafundi wengine.

Simula ilipoanza kutumika kupanga kazi viwandani, Nygaard aliona jambo lililomkosesha raha. Ukiweka kiwanda kizima ndani ya kompyuta, unakuwa umeamua nani afanye nini, kwa kasi gani, na nani hahitajiki tena. Uamuzi huo ulikuwa unafanywa na mabosi na wataalamu. Mfanyakazi aliyesimama kwenye mashine miaka ishirini haulizwi. Na chombo cha kufanyia hivyo alikuwa amekitengeneza yeye.

Kuanzia 1971 mpaka 1973 akafanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali cha Norway. Hakwenda kuwafundisha kama wanafunzi. Alikaa na matawi ya chama viwandani, wafanyakazi wenyewe wakachambua mitambo ya kompyuta inayoletwa kazini kwao na kudai wanachotaka. Matokeo yake yakaonekana. Mwaka 1975 ukasainiwa mkataba wa kitaifa kati ya waajiri na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, unaowapa wafanyakazi haki ya kuelezwa na kushiriki mifumo ya kompyuta inapoletwa. Sheria ya mazingira ya kazi ya mwaka 1977 nayo ikaweka jambo hilo kwenye maandishi. Nchi za Skandinavia zikajulikana duniani kwa njia hiyo ya kusanifu mifumo pamoja na watumiaji.

Ukiangalia vizuri ni wazo lile lile. Ndani ya programu, kazi mpe mwenye taarifa. Kiwandani, sauti mpe anayeijua kazi.

SIASA, TUZO NA MSIBA

Mzee hakuwa wa kukaa ofisini. Mwaka 1990 alichaguliwa kuongoza vuguvugu la kupinga Norway kujiunga na Umoja wa Ulaya. Serikali ilitaka kujiunga. Kura ya maoni ilipigwa tarehe 28 Novemba 1994, na waliokataa wakashinda kwa asilimia 52.2. Mpaka leo Norway haimo. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane, lakini huwezi kusema aliogopa wakubwa.

Huku nyuma lugha yake ilikuwa inazaa watoto na wajukuu. Alan Kay wa Marekani aliiona Simula miaka ya 60, na mawazo yale yakamsaidia kubuni Smalltalk. Bjarne Stroustrup wa Denmark aliitumia Simula, na mwaka 1979 akaanza kazi iliyozaa C++. Mwaka 1995 ikatoka Java, ambayo imejaa kwenye mabenki, ofisi za serikali na simu. Zote zina vitu na klasi ndani yake.

Nygaard alifundisha Aarhus huko Denmark, kisha Chuo Kikuu cha Oslo mpaka alipostaafu 1996. Uzeeni alikuwa anahangaika na jambo moja: vijana wanafundishwa vibaya. Wanapewa mifano midogo midogo, hawaoni vitu vikishirikiana. Yeye alipenda mfano wa mgahawa. Wadau wa Korogwe, huu mfano wetu kabisa. Nenda hoteli za stendi basi la Arusha linaposhusha abiria. Mhudumu anachukua oda, haingii jikoni kukaanga. Mpishi anapika, hapokei pesa. Keshia anapokea pesa, hajui kuku ameiva au bado. Mteja anakula na kukimbilia basi. Abiria hamsini, dakika ishirini, na watu wanakula. Siku mhudumu akiamua kufanya yote, basi linaondoka na njaa.

Heshima zilikuja akiwa tayari mzee. Yeye na Dahl walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, ambayo kwa watu wa kompyuta ni kama Nobel, kisha medali ya John von Neumann ya mwaka 2002. Walitakiwa kutoa mhadhara wa tuzo. Hawakuwahi. Dahl alifariki tarehe 29 Juni 2002. Nygaard akamfuata tarehe 10 Agosti kwa ugonjwa wa moyo, wiki sita tu baadaye. Alibakiza siku 17 kutimiza miaka 76. Leo majengo mawili ya kompyuta pale Chuo Kikuu cha Oslo yana majina yao, na kuna tuzo ya kimataifa ya Dahl na Nygaard iliyoanza kutolewa mwaka 2005.

DINDIRA INAINGIAJE HAPO?

Sasa nijibu lile swali la mwanzo. Kwanza, mke wake Johanna, waliyeoana mwaka 1951 na kupata watoto watatu, alifanya kazi kwenye shirika la misaada la Norway, na kwa miaka kadhaa alishughulika na kuajiri na kuwahudumia Wanorway waliokuja kufanya kazi Afrika Mashariki. Kwa hiyo habari za huku kwetu ziliingia mpaka nyumbani kwake.

Pili, na hili ndo kubwa. Mnayajua madaftari ya MTUHA pale zahanati? Yale makubwa ambayo nesi anajaza mama aliyejifungua, mtoto aliyechanjwa, mgonjwa wa malaria? Takwimu zake zinajumlishwa, zinafika wilayani, zinaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta unaoitwa DHIS2. Tanzania iliusambaza nchi nzima ilipofika mwaka 2013, na nchi zaidi ya 70 zinautumia. Unatengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na wenzao wa Afrika na Asia. Umeandikwa kwa Java, mjukuu wa Simula. Na waliouanzisha walisema wazi kuwa njia yao ya kufanya kazi na watumiaji imetoka kwenye ile miradi ya vyama vya wafanyakazi vya Skandinavia. Kwa hiyo mtoto akichanjwa huku milimani, hesabu yake inapita kwenye mawazo ya mzee huyu mara mbili.

Ila wadau, mfumo kuwa na asili nzuri hakumalizi kazi. Swali la Nygaard bado liko mezani. Nesi anayejaza daftari usiku kwa tochi, aliulizwa? Mkulima anayepimiwa mazao na mzani wa kompyuta, anajua namba yake inahesabiwa na nani na anaweza kuihoji? Sisi vijana tunaotengeneza programu mitaani, tunakaa na wenye kazi, au tunajifungia ndani kama nilivyofanya mimi mpaka mtu mzima anaaibishwa kwa deni ambalo hana?

Kwa sasa akina mama wale wanaitumia programu yangu, na daftari bado lipo. Katibu amekataa kuliacha, na mimi nimemwelewa. Kabla ya kuongeza kitu chochote kipya naenda na kadi zangu za boksi la sabuni, tunakaa chini, wao wananiambia nani anabeba nini. Shangazi ndiye anayeshika kadi ya mkopo.

Naomba kuwasilisha. Mliowahi kutengenezewa mfumo kazini bila kuulizwa, uwanja ni wenu hapo chini.